Nukta za Rajrani Dohre

Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, Kusumlata Kureel alimsomea mama yake gazeti, na kila asubuhi alimsomea uongo.

Ulikuwa uongo mdogo, wa puani. Katika lugha ya mji wa Kanpur mtu wa kuheshimiwa hasemwi kwa umoja. Husemwa kwa wingi, kana kwamba ameingia mlangoni na kundi zima nyuma yake: bwana mkubwa "wamefika", hakimu "wamekasirika". Kwa mwanamke, wingi huo wote hukaa kwenye nukta moja ndogo juu ya kitenzi, na anayesoma kwa sauti huitamka kwa kuipitisha puani kidogo. Nukta ikiwepo, mama wa watu wamekuja. Isipokuwepo, amekuja tu, kama anavyokuja mfagizi, kama anavyokuja mbuzi.

Gazeti alilolifanyia kazi Kusumlata lilikuwa karimu kwa nukta. Liliwawekea wake wa wenye viwanda wakikata utepe, waigizaji wa sinema wakiachika, hata mke wa mtabiri wa nyota aliyekamatwa kwa utapeli. Rajrani Dohre halikumwekea. Rajrani alikuwa Waziri wa Maji wa jimbo zima, mtu wa kwanza kutoka mitaa ya watengeneza ngozi, tabaka la chini la kina Kusumlata, kukalia kiti kile, na gazeti lilimwandika kwa umoja na kwa jina la kwanza, kama mtoto anayeitwa atoke nje acheze. Kwa hiyo Kusumlata, akifika kwenye habari zake, alizirudisha nukta zote kwa pua yake mwenyewe.

Mama yake, Batasiya, alisikiliza akiwa amekaa kitako kwenye kitanda cha kamba uani, sikio lake zima limeelekezwa kwa binti, macho yake yenye mtoto wa jicho yametazama ukuta.

"Wamesema nini leo?" angeuliza.

"Wamefungua mfereji Unnao, Amma."

"Peke yao?"

"Na wahandisi."

"Hao wahandisi walikaa au walisimama?"

"Walisimama."

"Wacha wasimame," Batasiya angesema, na hapo ndipo angeomba chai.

Mtu asiyemjua Batasiya angeona ni upuuzi wa uzee. Lakini Batasiya alikuwa mkunga katika kijiji cha upande wa Bilhaur, tangu siku aliyoolewa hadi magoti yalipomkatalia. Huko kukata kitovu ni uchafu, na uchafu una wenyewe. Nyumba za Wabrahmin, tabaka la makuhani, na za wenye mashamba zilimwita kwa kumtupia neno kutoka ng'ambo ya kisima, "We! Njoo, mtoto anatoka," naye akaenda, akapiga magoti, akawaleta watoto wao duniani kwa mikono yake. Akimaliza walimmwagia nafaka kwenye upindo wa sari kwa mbali, wasije wakamgusa, na kabla hajafika mwisho wa shamba alisikia maji yakimwagwa nyuma yake. Walikuwa wakiosha sakafu pale alipokanyaga, kwa mavi ya ng'ombe na maji ya mto Ganga, ambavyo kwao hutakasa. Mtoto hawakumwosha hivyo, ingawa ndiye aliyeshikwa. Watoto hao walikua, wakajifunza kusema, na wao wakamwita "We!"

Kwa nafaka ile Kusumlata alisoma. Alisoma mpaka akapata digrii mbili za lugha, akaolewa na karani wa reli aliyekufa kwa homa ya matumbo kabla hawajapata mtoto, akarudi kwa mama, wakahamia mjini katika mtaa wa Jajmau ambako harufu ya ngozi haimwulizi mtu ukoo wake. Gazetini alimpokea mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa mkuu wa wasahihishaji. Alimpa ukurasa uliojaa makosa, akampa kalamu nyekundu, na aliporudishiwa akasema, "Kaeni hapa, mama." Kaeni. Ni mtu mmoja tu aliyemsemesha hivyo katika jengo lile, na mtu huyo alistaafu zamani.

Rajrani alipoapishwa, Batasiya alimwambia binti yake, "Sasa watatusema kwa wingi." Kusumlata alikuwa ameshashika gazeti la siku ile mkononi. Alikuwa ameshaona kichwa cha habari. Angefanya nini? Akasoma kwa pua.

Tangu hapo Batasiya akawa mtu mwenye habari. Jioni alikaa kizingitini na kuwagawia majirani. Walikuwa wanawake wa rika lake, wasiojua kusoma kama yeye, nao walizipokea zile habari kama peremende. Tatizo lilikuwa jirani yake Sukhdei, aliyekuwa na mjukuu mwenye kiherehere.

"Dada Batasiya," Sukhdei alisema jioni moja, "mjukuu wangu kalisoma gazeti lenu kwa kinyozi. Anasema wameandika 'Rajrani kasema'. Basi. 'Rajrani kasema.'"

"Mjukuu yupi? Huyu aliyefeli?"

"Alifeli hesabu, dada. Kusoma anajua."

"Basi arudi akasome hesabu! Mwanangu ana digrii mbili, gazeti linapita mikononi mwake kabla halijapigwa chapa, halafu unaniletea maneno ya kinyozi? Huyo kinyozi hata masharubu hajui kunyoa sawa. Mtazame mume wako."

Wanawake wakacheka, Sukhdei naye akacheka, kwa sababu ni kweli masharubu ya mumewe yalikuwa yamekwenda upande. Ndani, Kusumlata alikuwa akikanda unga wa chapati. Aliacha kukanda. Alijua kwamba siku mama yake atakapojua, hatakuwa amenyang'anywa waziri tu. Atakuwa amenyang'anywa binti pia, maana kitu ambacho Batasiya alijivunia kuliko waziri ni kwamba mkono wa mwanawe umo ndani ya gazeti linalomheshimu.

Na mkono ulikuwamo kweli. Humo ndimo ulimokuwa.

Ofisi ya gazeti ilikuwa ghorofa ya pili, na kona za ngazi zake zilikuwa nyekundu kwa mate ya tambuu ya waandishi, mate juu ya mate, yaliyokauka na mabichi. Kusumlata alipanda akiwa amekusanya sari yake kwa mkono. Juu kulikuwa na trei ya chai yenye glasi za watu wote, na pembeni kikombe kimoja cha udongo mweupe kilichovunjika mkono. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni chake. Ila hakuna mwingine aliyewahi kukinywea, na siku aliyochukua glasi, glasi ile haikuonekana tena kwenye trei.

"Sisi hapa hatutazami tabaka," alipenda kusema Avadhesh Shukla, mhariri wa habari, Mbrahmin mnene mwenye sauti laini. Alilisema mbele ya wageni, mbele ya wanafunzi waliokuja kujifunza kazi, na kila alipolisema alimnyooshea kidole Kusumlata, kama mtu anayeonyesha friji mpya. "Mwulizeni Kusum. Kusum, tunatazama?"

"Hapana, Shukla-ji," alijibu, na ile "ji" ya heshima mwishoni.

"Mmesikia."

Msaidizi wake aliitwa Pankaj Bajpai, kijana wa utani, ndiye aliyechagua picha. Katika meza yake alikuwa na droo ya Rajrani peke yake. Humo mlikuwa na Rajrani akipiga miayo, Rajrani akijikuna shingo, Rajrani mdomo umejaa andazi la sukari na chembe kidevuni. Mpiga picha akileta picha ya Rajrani akizungumza na wakulima kwa utulivu, Bajpai aliitazama, akasema, "Hii haina uhai," akaitupa. Alipokuja Ila Mishra, waziri wa afya, Mbrahmin, binti wa jaji na mjukuu wa jaji, picha zilizotupwa zilikuwa zile za miayo. Hata Ila Mishra hupiga miayo. Wasomaji wa Kanpur hawakuwahi kujua.

Na maneno yalifuata picha. Ila Mishra aliitwa kiongozi wa wananchi. Rajrani aliitwa kiongozi wa watu wa tabaka lake, kana kwamba maji yakifunguliwa na yeye hutoka kwenye mabomba ya wenzake tu. Ila Mishra akiwapa kazi ndugu zake, hilo ni jambo la familia yenye mapokeo ya utumishi. Rajrani akimteua mhandisi wa tabaka lake ni siasa za tabaka, na tahariri nzima inaandikwa kwa huzuni. Kusumlata alisahihisha tahariri hizo. Aliziweka koma mahali pake. Wakati mwingine alihisi kama mtu anayepiga pasi shuka lililotapikiwa.

Kitu kimoja alikuwa nacho. Kila habari ya Rajrani iliyopita mezani kwake kwenye karatasi za prufu, zile za majaribio kabla ya kupiga chapa, aliiwekea nukta. Hakumwuliza mtu. Kalamu nyekundu, nukta, nukta, nukta. Karatasi ilirudi chini kwa wapanga kurasa, na njiani Bajpai alizifuta. Asubuhi gazeti lilitoka bila nukta. Hawakuwahi kulizungumza. Yeye aliweka, mwenzake aliondoa, miaka ikaenda, na kila jioni Kusumlata alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba angalau mkono wake ni safi.

Halafu ikaja ile siku ya pampu.

Rajrani Dohre alikuja Kanpur kufungua pampu ya maji katika ua wa hekalu moja karibu na mto. Aliyetumwa kuandika alikuwa Naina Srivastava, mwandishi mgeni, msichana mwenye adabu na daftari jipya. Alirudi alasiri akiwa amekunja uso. Aliandika kwamba waziri alifungua pampu, akanywa maji yake, akateleza kidogo kwenye ngazi yenye unyevu, akainuka. Na kwamba msafara ulipoondoka, makuhani wa hekalu waliosha ua wote kwa maji ya Ganga na maziwa.

Shukla aliisoma, akaipunguza, akaipeleka kwa wasahihishaji. Ilipofika kwa Kusumlata kichwa chake kilisema: "Rajrani Ateleza, Kiatu Chaenda Zake." Picha ilimwonyesha waziri amekaa chini, miguu imetawanyika, mkono mmoja hewani. Chini yake Bajpai alikuwa ameandika: "Kazoea matope, marumaru yamemshinda." Habari ya makuhani ilikuwa mwishoni kabisa, maneno machache: "Baada ya waziri kuondoka, ua ulisafishwa."

Ulisafishwa. Kama ua unavyosafishwa kila jioni.

Kusumlata alilitazama neno lile hadi likaacha kuwa neno. Naina alikuwa amesimama nyuma yake, anataka kuona kilichobaki cha habari yake.

"Dada Kusum, wameyatoa maziwa," Naina alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwepo. Niliyanusa."

"Nimeona."

"Huwezi kuyarudisha?"

"Siruhusiwi kuongeza maneno. Mimi ni wa herufi."

Akachukua kalamu. Akaweka nukta kwenye kila kitenzi cha Rajrani, moja moja, kubwa kuliko kawaida, akikandamiza. Naina alitazama mpaka ya mwisho, akatabasamu kidogo, akachukua mkoba wake na kwenda nyumbani.

Pengine ni ukubwa wa zile nukta. Au Bajpai alikuwa amechoka kufuta. Safari hii hakuzifuta mwenyewe, alizipeleka kwa Shukla, na Shukla akaita kutoka mezani kwake, bila kuinuka.

"Kusum! Njoo hapa. Hizi ni nini?"

"Nukta, Shukla-ji."

"Ningedhani ni ndui. Zimefuata nini huku?"

"Ni waziri. Ila Mishra-ji yuko ukurasa huohuo, ana zake."

Bajpai akaguna kwa kicheko. "Bosi, tukimwongezea nukta safu itapasuka. Mama mwenyewe ameshajaa safu mbili!"

Wakacheka, meza kwa meza. Shukla hakucheka, alisubiri waishe. Halafu akaanza kuongea kwa ule ulaini wake, na ulaini ndio uliokuwa mbaya zaidi.

"Kusum, wewe ni msomi, nitakueleza. Ila-ji ni mtu wa nyumba fulani, ana umbali wake. Rajrani ni wa watu. Watu wanamwita Rajrani, wanampenda. Tukimwandika kwa wingi tutakuwa tumemtenga nao. Hata Mungu, tukiomba, tunamwambia 'wewe'. Mama yangu mzazi namwambia 'wewe'. Ni mapenzi hayo. Unaona dharau mahali ambapo kuna mapenzi, na sikulaumu, mmezoea kuiona."

Mmezoea. Huo ndio wingi pekee aliowahi kumpa.

"Na kuosha ua, Shukla-ji, nako ni mapenzi?"

Shukla alitoa leso akajifuta midomo, ambayo haikuwa na kitu.

"Zifute," alisema. "Wewe mwenyewe. Sahihi iliyo chini ya ukurasa ni yako, sitaki kuona mkono wa mtu mwingine. Na ujue wenye gazeti wananiuliza kila wiki kwa nini bado tunalipa wasahihishaji wakati kompyuta zimekuja."

Angeweza kuondoka. Baadaye, alipolifikiria, aliona kwamba mlango ulikuwa wazi na ngazi zilikuwa pale. Lakini alifikiria kitanda cha kamba uani, na dawa za magoti, na chumba kile ambacho mwenye nyumba hakuwauliza ukoo. Akakaa. Akavaa miwani. Msahihishaji anapofuta kitu haparuzi tu, hukizungushia duara na kuvuta mkia hadi pembeni, na pembeni anaweka alama, ili mpanga kurasa asikose. Nukta moja, duara, mkia, alama. Inayofuata. Ilikuwa kama kumtoa mtu chawa mbele za watu. Bajpai alisimama karibu akitafuna tambuu, na matone madogo mekundu yalikuwa yanatua ukingoni mwa karatasi kila alipofungua mdomo kusema, "Hii hapa umeisahau, dada."

Alipomaliza alikwenda bombani, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena hadi viwiko. Akashuka ngazi akiangalia mbele, na kufika nyumbani akagundua kwamba miwani ameiacha mezani.

Asubuhi gazeti lilirushwa juu ya ukuta kama kawaida. Batasiya alilisikia likianguka.

"Leta, soma."

"Miwani nimeiacha ofisini, Amma."

"Basi niambie tu. Si umeliona jana? Wamefanya nini?"

Kusumlata alisimama katikati ya ua akiwa na ndoo ya kuogea mkononi.

"Wamefungua pampu. Hekaluni."

Batasiya alishusha miguu kitandani. "Hekaluni wapi? Nje?"

"Uani."

"Waliingia uani! Na viatu?"

"Walivua."

"Na makuhani?"

"Waliwapokea, Amma. Kwa maua."

Ule haukuwa uongo wa pua tena. Ulikuwa na maua ndani yake. Batasiya alitikisa kichwa, macho yanamlengalenga machozi, akacheka bila meno. Kisha akatulia, kwa sababu kulikuwa na jambo moja analolijua kuliko binti yake na waziri kwa pamoja.

"Halafu?"

"Halafu wakaondoka."

"Wakaondoka tu? Na ua?"

"Ua ukabaki ua, Amma. Naenda kuoga."

Bafu lao lilikuwa kona ya uani iliyozungushiwa mabati. Kusumlata alijimwagia maji, akajipaka sabuni kichwani, na ndipo aliposikia mlango wa nje ukigongwa, na sauti ya msichana yenye adabu.

"Shikamoo, Bibi. Hapa ni kwa Dada Kusum? Aliacha miwani yake ofisini. Nikasema nimletee, atashindwa kazi."

"Ubarikiwe. Ingia, ukae, anaoga. Wewe ni wa gazetini?"

"Ndiyo, Bibi. Naina."

"Basi umekuja wakati mzuri. Nisomee. Anza na Rajrani."

Kusumlata alifungua mdomo kuita, povu likamwingia. Alipapasa chini kutafuta kopo. Nje karatasi ilikuwa inafunguliwa.

"'Rajrani Ateleza, Kiatu Chaenda Zake,'" Naina alisoma.

"Nani kateleza?"

"Waziri, Bibi. Ilikuwa kidogo tu, ngazi zilikuwa na maji. 'Jana Rajrani alikuja hekaluni kufungua pampu...'"

"Umesemaje? Alikuja au walikuja?"

"Alikuja."

"Tazama juu yake. Mwanangu alinieleza, kuna nukta."

"Hakuna, Bibi."

"Labda wino umekatika. Tazama vizuri, binti, una macho ya kijana."

"Wino upo, Bibi. Hapa chini Ila Mishra anazo. Anazo nyingi. Rajrani hana hata moja."

Kusumlata alikuwa amelishika kopo lakini hakulimwaga.

"Endelea," Batasiya alisema.

Naina aliendelea. Alisoma kwa uaminifu, neno kwa neno, kama walivyomfundisha chuoni, pamoja na yale ya matope na marumaru. Mwishoni alishusha sauti. "'Baada ya waziri kuondoka, ua ulisafishwa.' Basi, Bibi, imekwisha."

"Kwa maji gani?"

"Bibi?"

"Ulisafishwa kwa maji gani?"

"Haijaandikwa."

"Sikuuliza kilichoandikwa."

Naina alishusha gazeti. "Ya Ganga. Na maziwa. Nilikuwepo, Bibi. Niliandika, wakakata."

"Waliita watu au waliosha wenyewe?"

"Wenyewe. Walipandisha nguo hadi magotini."

"Kwetu walikuwa wanachanganya na mavi ya ng'ombe," Batasiya alisema, kwa sauti ya mtu anayelinganisha mapishi. "Mjini kuna maziwa mengi."

Kusumlata alitoka na nywele zinazodondosha maji, sari imemganda mgongoni. Naina aliruka kusimama, gazeti mkononi, akaona uso wa mwenzake asijue kosa lake ni lipi.

"Dada Kusum, Bibi aliniomba tu nimsomee..."

"Umesoma vizuri."

Naina akamgeukia yule mzee, akitafuta cha kuponya. "Lakini Bibi, ujue, binti yako aliziweka. Nilimwona jana kwa macho yangu. Nukta zote, kwa kalamu nyekundu, kubwa hivi! Ofisi nzima hakuna mwingine anayethubutu. Aliyezifuta mimi sijui, niliondoka mapema."

Aliweka miwani ukingoni mwa kitanda, akakataa chai mara kadhaa kama inavyopasa, akaaga akirudi kinyumenyume. Mlango ulifungwa.

Batasiya alichukua gazeti. Alipapasa ukurasa kwa ncha za vidole, juu na chini, vidole vilevile vilivyokuwa vikitafuta kichwa cha mtoto gizani, kana kwamba nukta ikiwepo angeihisi. Kusumlata alisimama mbele yake. Alisubiri aulizwe kuhusu miaka yote ile, kuhusu wahandisi waliosimama, kuhusu maua ya jana yasiyokuwapo, na jinsi atakavyokaa kizingitini jioni mbele ya Sukhdei. Alikuwa tayari kwa hayo yote. Mama yake hakuyauliza. Alilikunja gazeti, akaliweka mbali naye kitandani, pale ambapo mtu huweka kitu kinachonuka.

"Huyo mtoto anasema uliziweka," alisema.

"Niliziweka, Amma."

"Na huwa unaziweka."

"Kila siku."

"Ee." Alifikiri kidogo, uso umegeukia ukutani. "Basi nina moja la kukuuliza, wala si jingine. Za jana, nani alizifuta?"

Jina la Bajpai lilikuwa karibu, na la Shukla lilikuwa karibu zaidi, na majina yote mawili yalistahili. Hata kompyuta ilikuwepo ya kusingiziwa. Kwa kusema hamjui aliyezifuta, msichana alikuwa amemwachia uongo mlango wazi kabisa, ilibaki kupita tu. Maji yalimtiririka Kusumlata kutoka kwenye nywele hadi viganjani.

"Ni mimi, Amma."